Nilimpeleleza Wifi Yangu Akiwa Edani

Nimekosa. Nalisema mwanzo ili msomaji asipoteze wakati akinitafutia udhuru. Nilimkosea mjane wa kakangu, nikamkosea kakangu mwenyewe aliye kaburini, na kwa ulimi wangu huu nikamfukuza mtu mmoja tu aliyekuwa tayari kusema jinsi alivyokufa.

Lakini msitarajie nije hapa nikilia. Nimelia ya kutosha na kilio hakikunipa kitu. Nina hasira, na nitaandika na hasira zangu. Majina nimeyabadilisha yote kwa ajili ya mamangu. Si kwa woga.

Kakangu nitamwita Omari. Alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha sabuni huko Changamwe, na alikaa na mkewe Mwanakombo katika nyumba ya kupanga nyuma ya barabara ya malori. Hawakujaliwa mtoto. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaolewa Utange, na wakati ule nilikuwa na binti wa kunyonya.

Siku aliyokufa, salamu zilinifikia kwa simu ya dukani. "Njoo Changamwe, Omari hatunaye." Nilifika na mtoto mgongoni, viatu nimevaa visivyolingana, nikamkuta ameshaoshwa, ameshavishwa sanda. Nilifunuliwa uso tu. Alasiri akazikwa.

Kwetu maiti hawekwi, na hilo sina ugomvi nalo. Lakini baina ya kuambiwa na kumwona akitolewa mlangoni kwenye jeneza, sikupata hata nafasi ya kuuliza amekufa na nini.

"Moyo," wakasema.

Moyo gani? Kakangu alikuwa mtu wa kubeba gunia begani huku akiwatania wenzake. Hajawahi kulala hospitali. Hata homa ilikuwa ikimpitia mbali.

Aliyesimamia kila kitu siku ile alikuwa msimamizi wake wa kazi, jirani yao wa mtaa uleule. Nitamwita Bwana Faraji. Sanda alileta yeye, gari alileta yeye, mchele wa matanga ulitoka kwake. Mtu wa kanzu safi, safu ya mbele msikitini, sauti yake ya kubembeleza. Mamangu alimwombea dua mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kuvunja matanga aliniita barazani kwake.

"Mwanangu, wewe umesoma," akaniambia. "Ndiyo maana nakwambia wewe, mamako simwambii."

"Abee, mzee."

"Omari aliniomba ruhusa, kichwa chamuuma. Nikampa gari la kiwanda. Alitembea kwa miguu yake, akapanda, akanipungia mkono. Sasa najiuliza. Mtu ametoka kwangu mzima, huko nyumbani alikuta nini?"

"Una maana gani, mzee?"

"Sina maana yoyote. Nasikia mkewe alimpa maziwa, hata hakuyamaliza. Mungu ndiye ajuaye. Na tafadhali, usiseme kuwa nimesema."

Nyinyi mnaosoma mnaona kitu hapo. Mimi sikuona. Nilikuwa nikitafuta mtu wa kumkamata, na huyu mzee amenionyesha mmoja aliye nyumba ya pili.

Mjane kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, hajitii manukato, hakutani na wanaume wa kando. Na si desturi aachwe peke yake. Mwanamke wa karibu huja kukaa naye. Mamangu miguu ilikuwa imemvimba. Nikasema, "Nitakaa mimi."

Watu wakanisifu. "Wifi kama huyu yuko wapi siku hizi?" Mume wangu akakubali, nikahamia Changamwe na mtoto wangu na nepi zake.

Wallahi sikwenda kumliwaza mtu. Nilikwenda kupeleleza.

Alipoingia kuoga nilifungua sanduku lake. Nilinusa kila chupa ya mafuta. Nilinyanyua godoro, nikakung'uta mito, nikaonja hata chumvi yake jikoni kwa ncha ya ulimi, mtoto wangu mgongoni, kama kichaa. Nilikwenda dukani nikajifanya nataka kiberiti.

"Hivi wifi yangu alikuwa akinunua sumu ya panya hapa?"

Mwenye duka akanitazama. "Wifi yako hununua mchele, dada. Panya wenu hawana wasiwasi."

Na wakati nikiyafanya hayo, Mwanakombo alikuwa akimlea binti yangu. Mtoto alisumbuliwa na tumbo. Yeye ndiye aliyemkanda kwa mafuta ya nazi, ndiye aliyembembeleza hadi akalala mapajani mwake. Mtu ambaye hakupata wake, anamlaza wangu, na mimi niko nyuma ya pazia napekua nguo zake. Andikeni hilo mahali. Mimi siwezi kulifuta.

Asubuhi moja tulikuwa tukichambua mchele, nikaona leo namuuliza.

"Wifi, siku ile kaka alikuja anatembea?"

"Aliletwa mikononi. Miguu inabururwa."

"Bwana Faraji asema alitembea mwenyewe."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Bwana Faraji alikuwa hapa?"

"Na maziwa?"

"Maziwa nilimpa."

"Nani alikwambia umpe? Mtu wa kichwa hupewa maziwa?"

Akainamia mchele. Alichagua chuya moja, akaiweka kando, akachagua nyingine.

"Hayo mengine tungoje nitoke eda, wifi. Nikitoka nitakwambia."

"Kwani eda imekufunga mdomo?"

"Imenifunga miguu," akasema. "Na hilo jambo lataka miguu."

Nikaona ananichezea. Watu wawili wamenipa maneno mawili, na mimi na elimu yangu nikamwamini mwenye kanzu. Sikujiuliza kwa nini mzee anayenionea huruma hivyo hataki nimtaje. Nilijiuliza tu huyu mwanamke anaficha nini.

Halafu nikamwona mwanamume.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua kali, mtaa mzima umejilaza. Niliamka kumpa mtoto maji nikasikia sauti nzito jikoni. Jiko liko uani, na ukuta wake una matundu ya hewa yanayoangalia uchochoro. Mwanakombo alikuwa amesimama kwa ndani, ushungi umemfunika hadi puani, na nje kuna mtu. Maneno sikuyapata. Nilichokipata ni mnong'ono, kisha nikamwona wifi akijifuta macho, na mgongo wa mwanamume mrefu ukiondoka upesi.

Akarudi tena wiki iliyofuata. Saa ileile, mahali palepale, na safari hii niliuona mkono wake wa kulia, umeungua mpaka kiwikoni.

Nikasema basi. Kumbe ndiyo haya. Mjane wa kakangu ana bwana, kakangu alipewa maziwa ya kumwondoa njiani, na mimi hapa nalala naye kitanda kimoja.

Na nani nilikwenda kumwambia? Si mamangu. Si mume wangu. Nilikwenda barazani kwa Bwana Faraji.

"Yukoje huyo mtu?" akauliza.

"Mrefu, wa bara. Mkono wa kulia una alama ya kuungua mpaka kiwikoni."

Tasbihi ikasimama mkononi mwake. Nilidhani ni uchungu wa kumwonea kakangu.

"Usimguse sasa," akasema. "Arubaini inakuja, watu watakuwa wengi. Watadhani hakuna wa kuwatazama. Ukimwona, piga kelele. Mimi nitakuwa karibu."

Nikamshukuru. Nikambusu mkono, jamani.

Siku ya hitima ya arubaini wanaume walikaa mbele chini ya turubai wakisoma, wanawake tuko uani na masufuria ya pilau. Wafanyakazi wa kiwanda walikuja pia. Mimi pilau siioni, macho yangu yako uchochoroni. Na kweli, akaja. Akajisogeza kwenye matundu ya jiko, na wifi yuko ndani.

Nikazunguka nje, nikamkamata shati.

"Njooni," nikapiga kelele. "Njooni mumwone aliyemuua kakangu! Mwanamke wake huyu hapa, anakalia eda ya uongo!"

Watu wakamiminika. Yule mwanamume, nitamwita Wafula, hakukimbia.

"Dada, niachilie," akasema. "Hujui unafanya nini."

"Najua sana."

Bwana Faraji alikuwa wa kwanza kufika. Hakugomba, hakupandisha sauti.

"Wafula," akasema. "Kumbe ni wewe."

Basi, maneno yake yaliishia hapo. Wafula akamtazama, kisha akanitazama mimi, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyefungiwa mlango. Mwanakombo akatoka jikoni mbele ya umati wote ule, yeye ambaye hakuwa ameonekana na mwanamume wa kando tangu msiba.

"Muulizeni alikuja kusema nini," akasema. "Mwacheni aseme. Asemee hapa hapa, mbele ya..."

Nikampiga kofi.

Neno lake likakatikia hapo. Wanawake wakamzomea, wanaume wakamsukuma Wafula hadi barabarani. Mamangu alikaa chini mchangani.

Siku ileile nduguye Mwanakombo aliitwa aje kumchukua, ampeleke kwao Shika Adabu, ng'ambo ya feri. Mjane hatolewi nyumba ya mumewe edani. Mimi nilimtoa. Alivushwa feri mchana, watu wamejaa, amejifunika shuka kichwani, na habari zake zimekwisha kuvuka kabla yake. Alipopita mlangoni mtoto wangu alimnyoshea mikono. Hakumtazama.

Mimi nililala usingizi mzuri. Nasema kweli. Nilijiona nimemlipia kakangu.

Siku chache baadaye nilikwenda kiwandani kuchukua vitu vya Omari, buti zake na mkebe wake wa chakula. Langoni nikakutana na mama mmoja wa kupakia sabuni, ametoka zamu.

"Wewe ndiye dadake Omari?" akaniuliza. "Uliyemfukuzisha Wafula?"

"Wafula alimuua kakangu."

Akanivuta pembeni kwa mkono, kwa nguvu. "Wafula ndiye aliyeshuka kwenye tangi kumvuta. Sisi wengine tulisimama tukatazama."

"Tangi gani?"

Akaniangalia kama anayemwangalia mtoto. "Kumbe hujui hata hilo?"

Akaniambia palepale, akigeukageuka nyuma. Kulikuwa na tangi la mafuta linasafishwa ndani. Omari alishuka, akapanda akikohoa, akasema huko chini hakuna pumzi. Bwana Faraji akamwambia kama kazi ya wanaume imemshinda akakune nazi na mkewe. Watu wakacheka. Kakangu akashuka tena. Hakufungwa kamba. Waliposikia kimya Wafula akashuka na kitambaa puani, akamtoa ameshalegea. Wafula alitaka wamkimbize hospitali. Bwana Faraji akasema nyumbani, kwa sababu hospitali wangeuliza ametoka wapi. Wafula ndiye aliyepanda naye garini, ndiye aliyemwambia Mwanakombo mlangoni, mpe maziwa, kwa kuwa watu wa kiwandani wakivuta harufu mbaya hunywa maziwa.

"Mbona hamkusema?" nikamuuliza.

"Wewe ungesema? Mimi nina watoto na sina mume. Na ukinitaja, nitakana mchana kweupe. Wafula peke yake ndiye aliyesema atakwenda polisi. Kesho yake baada ya hitima yenu akafukuzwa kazi."

Nilikwenda alikokuwa amepanga. Chumba kitupu, kimefagiliwa. "Ameondoka na godoro lake," akasema mwenye nyumba. "Kwao bara. Bara wapi, hakusema. Na baada ya yale uliyomfanyia, hata mimi nisingesema."

Nikavuka kwenda Shika Adabu. Mamake Mwanakombo alinifungulia mlango nusu, akaona mtoto, akaniacha nikae ukumbini. Mwanakombo alizungumza nami kutoka nyuma ya pazia. Hakulifungua.

"Mbona hukuniambia, wifi?"

"Nikwambie ukamwambie nani? Ulikuwa wenda barazani kwa Faraji. Nilikuwa nakuona dirishani."

"Ungeniambia ni yeye."

"Na ungeniamini? Ulikuwa wanusa vikombe vyangu."

Alikuwa akijua. Siku zote zile alijua, na bado alimkanda mwanangu tumbo.

"Wafula alikubali kwenda kusema," akaendelea, "lakini alisema hatakwenda peke yake. Mtu wa bara, mgeni, amshitaki msimamizi wake? Alitaka mke wa marehemu awe pembeni yake. Mimi nikasema ningoje nitoke eda, niende na uso wangu, watu wasinitie maneno. Wiki kwa wiki alikuwa akija kunihakikishia kuwa hajabadilisha nia. Hilo ndilo tulilokuwa tukinong'ona."

Mtoto akaanza kulia na hakuna aliyetoka kumchukua.

Nilikwenda polisi peke yangu. Askari alinisikiliza, kisha akaweka kalamu chini.

"Maiti imezikwa. Kiwanda kinasema moyo. Shahidi wako yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Nani alimwondoa?"

Nikamjibu. Nilisema, "Mimi." Akatikisa kichwa, akamwita mtu wa nyuma yangu.

Sasa mnielewe. Kuuliza sikukosa. Wako watu, hata wa ukoo wetu, wananiambia yote haya ni matokeo ya mwanamke kujitia upelelezi, kwamba ningesema innalillahi nikanyamaza. Hao nawaambia waondoke mbele yangu. Kakangu hakufa kwa sababu nimeuliza. Nilikosa mahali pa kuulizia. Nilimshuku Mwanakombo kwa sababu alikuwa pale ndani, hawezi kutoka, hana wa kumtetea, na kumpekua ilikuwa rahisi. Huyu wa kanzu sikumpekua, kwa sababu alileta mchele.

Siku niliyotoka polisi nilipita barazani kwake. Alikuwa na wenzake wanakunywa kahawa. Nikasimama mbele yao na mtoto wangu ubavuni. Shikamoo sikumpa.

"Mwanangu, leo huamkii?" akasema.

"Kamba ilikuwa wapi?"

"Kamba gani?"

"Ya kumfunga Omari ulipomrudisha tangini. Ilikuwa wapi?"

Yeye akatabasamu, akawageukia wenzake. "Huzuni imempanda kichwani, maskini. Mleteeni maji."

"Maji nitakunywa kwetu. Kamba ilikuwa wapi?"

Tangu siku ile, kila nikija Changamwe kumwona mamangu, napita hapo nauliza. Sitii neno jingine. Mume wangu amenikataza, nikamwambia anikataze na kula. Mwanzoni wale wa kahawa walikuwa wakinicheka. Siku hizi nikitokea kona ya mtaa, wengine huinuka wakaondoka, na yeye hubaki na kikombe chake. Mzee mmoja juzi hakuinuka. Alibaki amekaa, akamgeukia na kumtazama, kama naye anangoja jibu.

Gharama mnaitaka? Mamangu hali chakula nilichopika. Wifi niliyekuwa naye sina. Shahidi sina. Na kakangu mpaka leo mtaani amekufa kwa moyo.

Wafula, kama gazeti hili litakufikia huko uliko, mimi ndiye niliyekukamata shati. Sikwambii urudi kwa ajili yangu. Jina lako nimelificha lakini wewe utajijua, na Mwanakombo yuko kwao, hajahama.

Na nyinyi wenzangu mliofiwa mkabaki na maswali, ulizeni. Ila akija mtu na huruma nyingi akikuonyesha mlango wa kuanzia, muulize yeye kwanza alikuwa wapi siku ile. Usimwamini kwa sababu amekuzikia. Na usimguse mjane aliyekaa ndani, hana pa kukukimbia.

Mwanakombo ametoka eda. Nilituma mtu amuulize kama atakwenda polisi kueleza aliyoyaona mlangoni siku ile, hata bila Wafula. Jibu lake lilikuja jana. Atakwenda, Jumatatu. Lakini nisimpitie, nisivuke naye feri, na huko kituoni nisikae karibu naye.

Nitakaa benchi ya nyuma. Lakini nitakuwepo.